Kona ya Dirishani

Watu wa Metlawi hawaketi kabla ya kufuta kiti. Mkono hutangulia, mwili ukafuata. Hufuta kiti, hufuta meza kabla ya sahani kuwekwa, hukung'uta mkate hata ukiwa umefunikwa kitambaa, na hawajui kama wanafanya hivyo, kama mtu asivyojua anapopepesa macho. Vumbi la fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, hushuka kutoka machimboni mchana kutwa, laini kama unga wa ngano. Limewazoea, nao wamelizoea.

Wasila Jeridi alizaliwa humo vumbini, binti wa fundi wa treni za mgodi. Alikwenda mji mkuu kusoma, na wenzake wote wa chuo wakatafuta kazi pwani, kwenye miti na upepo wa baridi. Yeye akarudi kwao na shahada yake na miwani yake minene, akaanza kufundisha teknolojia katika sekondari ile ile aliyosoma. Alipoulizwa sababu, alijibu kwa sauti yake ndogo, "Kwani huku hawasomi?" Akaolewa na Munsif, mtu wa zamu katika kiwanda cha kuoshea fosfeti, mpole, mchache wa maneno. Wakajaliwa mtoto mmoja, Skander.

Skander alikuwa na pumu. Tangu alipokuwa wa kubebwa, Wasila alipigana na vumbi kama mtu anayepigana na mwizi aliyeshika funguo za nyumba. Alitundika vitambaa vya maji madirishani. Alipiga sakafu deki asubuhi, akaipiga tena jioni. Alijifunza kusikiliza kifua cha mwanawe kupitia ukutani, akajua usiku upi ni wa kulala na upi ni wa kukesha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Wasila aliujua kwa masikio.

Mtoto mwenyewe alikua mcheshi, mwembamba, mwenye haya ya kuonekana mgonjwa. Klabu ya roboti ilikuwa ghorofa ya juu ya Nyumba ya Vijana, na kwenye ngazi zile Skander alikuwa na mtindo wake. Akifika katikati, alisimama. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kisha kushoto tena, kama mtu aliyesahau kitu chini na sasa anajiuliza kama arudi. Halafu akaendelea. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anatafuta pumzi. Wenzake walijua, nao wakawa wanasimama, wakajifanya wanafunga kamba za viatu.

Mama yake ndiye aliyeianzisha klabu hiyo, na ndani yake Skander ndiye aliyemtengeneza Kobe. Kobe alikuwa roboti wa magurudumu matatu, mwenye gamba la plastiki lililotolewa kwenye feni mbovu. Chini ya tumbo alikuwa na macho mawili ya kupima mwanga, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuufuata mstari mweusi uliochorwa juu ya turubai jeupe, kona kwa kona, mpaka mwisho. Akili yake yote ilikuwa nambari chache alizoziandika Skander. Mojawapo, iliyo kubwa kuliko zote, ndiyo iliyomwambia Kobe weusi unaishia wapi na weupe unaanzia wapi.

Mashindano ya vijana yalikuwa Susa, huko pwani, majira ya kuchipua. "Safari hii nafika, Mama," Skander alikuwa akisema. "Hata kama ni kwa kutambaa."

Hakufika. Alifariki mwezi wa Februari, asubuhi ya upepo, kichwa chake kwenye mapaja ya baba yake na dawa yake ya kuvuta ikiwa bado mkononi.

*

Siku ya arubaini, baada ya kisomo, watu walipokuwa wanarudisha viti vya kuazima, wanafunzi watatu wa klabu walibaki uani. Walikuwa Takwa, msichana mrefu aliyekuwa msaidizi wa Skander. Umaima, mtaratibu, mwenye mikono ya kushonea nyaya. Na Luay, ambaye hakujua kukaa kimya hata msibani.

"Madam," alianza Takwa, "tumefikiri… mwaka huu tusiende. Tutaandika tu kwamba tumejitoa."

Wasila alikuwa na sinia mkononi. Akaliweka chini.

"Nani amesema hamwendi?"

"Hakuna, Madam, ila sisi tuliona…"

"Kobe atakwenda Susa," alisema Wasila. "Atakwenda na nambari zile zile alizoachiwa. Asiziguse mtu. Hata moja. Skander alisema atafika, na atafika."

Wale watoto wakatazamana. Maneno ya mama aliyefiwa, siku ya arubaini, hayajibiwi. Luay peke yake ndiye aliyepata la kusema.

"Basi Madam, tukifika na tukishinda, kombe litakaa kwetu, maana kwenu hakuna kabati."

Wasila akacheka, mara ya kwanza tangu Februari, na kicheko chenyewe kikamtoa machozi.

Tangu siku hiyo walikutana kila alasiri. Katika chumba kile cha klabu kulikuwa na turubai lao, limetandazwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, na hapo ndipo Skander alipokuwa akipiga magoti saa nzima kumtazama Kobe. Alama za magoti yake bado zilionekana, hafifu, karibu na kona iliyo chini ya dirisha. Wasila alikataza turubai lisioshwe. Alisema maji yataharibu mstari. Watoto waliamini, au walijifanya wanaamini.

Dirisha lile halikufunga vizuri. Vumbi liliingia kwa ule upenyo likatua juu ya ile kona kuliko mahali pengine popote, na kila wiki turubai lilizidi kuwa kijivu. Lakini nani angeona? Ungemwuliza mtu wa Metlawi turubai lile ni la rangi gani, angekuambia jeupe.

Na hapo penye kona ya dirishani, Kobe alikuwa na tabia. Alikuja mbio, akafika, akasimama. Aligeuza pua kushoto, akageuza kulia, kisha kushoto tena. Halafu akauona mstari, akaendelea.

Siku ya kwanza Wasila alipoliona jambo hilo baada ya msiba, alimrudisha Kobe mwanzo wa mstari, amwone tena.

"Anasita hapo, Madam," alisema Takwa. "Anapoteza muda. Naona pale mwanga ni hafifu, weupe wenyewe unakaribia…"

"Mwacheni."

"Ni kurekebisha kidogo tu, Madam. Skander mwenyewe alikuwa akisema tupime mwanga kila…"

"Takwa. Nimesema mwacheni."

Umaima akaanza kukohoa. Alikuwa na kikohozi tangu walipoanza kujifungia chumbani humo, akawa anakuja amejifunga mtandio puani. Wasila alikisikia kikohozi kile. Masikio yake yalikuwa na mazoezi ya miaka kumi na sita, yasingeweza kutosikia. Alimwambia akakae karibu na mlango, basi.

Kila walipomaliza, watoto wakiwa wanavaa mabegi yao, yeye alimrudisha Kobe kwenye mstari mara moja zaidi. Alikaa kwenye kibao, mikono mapajani, akangoja kona. Kushoto, kulia, kushoto. Kisha alizima taa akaenda nyumbani kumpikia Munsif.

Usiku mmoja wakiwa mezani, Munsif aliuliza, "Roboti inakwenda?"

"Inakwenda."

Munsif alikata mkate, akauchovya kwenye mafuta ya zeituni, akautazama bila kuula. "Wasila, mtoto yuko makaburini. Usimtafute kwenye feni."

Wasila aliondoa sahani mezani. Siku mbili hawakusemezana zaidi ya salamu, si kwa hasira, ila kila mmoja aliogopa angesema nini.

*

Waliondoka alfajiri, kwenye gari la Ami Tijani, mzee aliyekuwa akipeleka watu mjini na kuwarudisha tangu Wasila akiwa mwanafunzi. Jirani, Bi Mabruka, alitoka na ndoo akamwaga maji nyuma ya gari ili waliokwenda warudi salama. Mama yake Luay alikuwa amewafungia bsisa, unga wa nafaka zilizokaangwa, iliyokorogwa kwa mafuta ya zeituni na asali, na mikate iliyopakwa harisa ya pilipili na samaki wa tuna.

Kobe alisafiri mapajani mwa Wasila, ndani ya sanduku la viatu.

"Bi Wasila, umemfunga mkanda huyo abiria wako?" aliuliza Ami Tijani. "Nikikutana na askari atanitoza faini. Na nauli yake iko wapi?"

"Huyo ni mtoto, Ami, hupanda bure," alisema Luay kutoka nyuma, kisha akasikia alichosema, akajipiga mdomo.

Wasila akageuka.

"Kula bsisa yako, Luay. Mdomo ukiwa na kazi hausumbui."

"Sawa, Madam."

Walicheka wote, hata Ami Tijani, na safari ikaendelea. Nje, mashamba ya zeituni yalianza, mistari kwa mistari, na kadiri walivyokwenda majani yalizidi kuwa ya kijani, kijani cha kweli, kisichofunikwa na kitu. Umaima alishusha mtandio. Tangu walipopita Kairuani alikuwa hajakohoa hata mara moja.

Ukumbi wa Susa ulikuwa mkubwa, wa michezo ya mpira wa mikono, na juu kulikuwa na taa nyeupe zilizowaka kama mchana wa Julai. Timu zilitoka kila upande wa nchi, zenye fulana zilizochapwa majina, wengine na bendera, wengine na ngoma. Timu ya Metlawi ilikuwa na mashati meupe ya shule, yaliyopigwa pasi na mama zao. Wakaonyeshwa meza. Luay akafuta kiti, akaketi. Takwa akafuta kiti, akaketi. Umaima akafuta meza kwa kiganja, akamtoa Kobe sandukuni.

Kwenye meza ya jirani kulikuwa na msichana wa timu ya mji mwingine, akitafuna alizeti. Aliwatazama.

"Nyie mnafuta nini?"

"Wapi?" alisema Luay.

"Viti. Mmefika tu mnafuta. Mmeambiwa tumemwaga gundi?"

Luay akatazama kiti chake kama mgeni. "Tunakisalimia tu," alisema. "Kwenu hamsalimii viti? Hamna adabu."

Msichana akacheka akamgawia alizeti.

Walimu hawakuruhusiwa meza za timu. Kulikuwa na kamba nyekundu, na Wasila alisimama nyuma yake pamoja na walimu wengine, mkoba wake umebanwa kifuani. Kila timu ilikuwa na mizunguko mitatu, na ule ulio bora ndio uliohesabiwa. Katikati ya ukumbi kulikuwa na turubai la mashindano, jipya, linang'aa, lina mstari mweusi uliochapwa kiwandani. Kona ya tatu ilikuwa kali, inafanana sana na ile ya nyumbani. Wasila aliichagua kwa macho. Hapo ndipo, alijisemea. Hapo watu wote hawa watamwona akisimama akipumzika.

Jina la timu likatangazwa. Takwa akamweka Kobe mwanzoni, akabonyeza.

Kobe akaondoka moja kwa moja. Hakugeuka kushoto wala kulia. Mstari ulikata kona, yeye akaendelea mbele kana kwamba hakuna mstari duniani, akatoka kwenye turubai, akagonga kiatu cha mwamuzi. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwamuzi akamwokota akamrudisha kwa mikono miwili, kama anayerudisha mtoto wa mtu.

Takwa alikuja mbio kwenye kamba. "Madam, hauoni mstari. Hauoni kabisa. Niruhusu nipime mwanga."

"Ni betri," alisema Wasila.

"Betri tumechaji jana, Madam."

"Badilisheni betri."

Takwa alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayetaka kulia na kugomba kwa pamoja. Akarudi mezani. Wasila aliwaona wanainamiana, Luay akirusha mikono. Maneno yao yasingefika masikioni mwake kwa zile ngoma, lakini Luay alikuwa na sauti ya kupigia mbuzi kelele.

"Badilisha tu! Atajuaje? Yuko kule!"

Na Takwa, bila kuinua kichwa: "Tutajua sisi."

Wakabadilisha betri.

Mzunguko wa pili Kobe aliondoka vile vile, moja kwa moja, safari hii akayumba kidogo kwa nguvu za betri mpya, akaenda kujibanza chini ya meza ya waandalizi. Hakuna aliyecheka. Umaima alikwenda kumvuta kwa magoti, akarudi na shati lake jeupe safi kama alivyokwenda.

Wasila aligeuka asitazame. Nyuma ya kamba kulikuwa na kiti kitupu. Akakifuta kwa kiganja, akaketi, na mkono wake ulipokuwa unarudi mapajani akaona kiganja chake.

Kilikuwa safi.

Alikigeuza. Akafuta tena kiti, ubavuni, chini. Safi. Hakukumbuka mara ya mwisho kufuta kitu na kiganja kisirudi na unga ule. Akainua macho akalitazama turubai la mashindano linavyomulikwa na zile taa, na kwa mara ya kwanza akaliona lile la kwao lilivyo. Lilikuwa na rangi ya majivu. Skander aliisoma dunia kwenye majivu yale, akamfundisha Kobe kwamba hayo ndiyo weupe, na yeye, mwalimu wa teknolojia, ambaye somo la kupima mwanga kabla ya kila safari alilifundisha mwenyewe ubaoni, mwaka hadi mwaka, alikuwa amelikataa likiwa mdomoni mwa mtoto.

Takwa alikuwa amesimama mbele yake tayari, kompyuta mkononi. Hakuwa amebadilisha kitu. Alikuwa amepima tu.

"Madam, sijagusa. Naomba utazame mwenyewe. Hii ndiyo nambari ya Skander. Na huu ndio mstari mweusi wa hapa unavyosomeka kwa zile taa." Akaonyesha kwa kidole. "Uko juu ya nambari yake."

Luay akachungulia juu ya bega la Takwa. Hata yeye alikuwa amepoa. "Yaani weusi wa huku ni mweupe kuliko weupe wa kwetu," alisema.

Wasila alizitazama nambari zile. Moja ilikuwa ya mwanawe. Aliikumbuka jioni Skander alipoipata. Alikuja nayo jikoni akiimba, naye Wasila, aliyekuwa anaosha mboga, akampaka maji puani. Hiyo ndiyo aliyokuwa ameapa ifike. Na isingefika. Ilikuwa nambari ya chumba kimoja, cha dirisha lisilofunga, na haikuwa na njia yoyote duniani ya kufika Susa.

Mwamuzi alitangaza kwamba timu ya Metlawi imebakiwa na dakika chache za maandalizi.

"Madam," alisema Takwa kwa sauti ya chini. "Ukisema tukimbie vile vile, tutakimbia vile vile. Tumekubaliana wote watatu."

Umaima akatikisa kichwa kukubali. Luay pia, ingawa kwake ilikuwa kama kumeza mfupa.

Lisilobudi hutendwa. Wasila alivua miwani akaifuta, haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

"Badilisheni," alisema.

"Tuweke ngapi?"

"Mnajua ngapi. Mmepima wenyewe. Nendeni."

Mzunguko wa tatu Kobe aliondoka taratibu. Kona ya kwanza akaikata kama mtu anayepita chumbani kwake gizani. Ya pili vile vile. Nyuma yake Wasila alisikia mwalimu mmoja akimwambia mwenzake, "Hao wameamka." Kobe akaingia kona ya tatu, ile kali, inayofanana na ya nyumbani, na Wasila akazuia pumzi yake, akangoja asimame. Mwili wake wote ulingoja. Kichwa chake mwenyewe kilianza kugeuka kushoto.

Kobe hakusimama. Alipinda kwa ulaini kama maji, akatoka upande wa pili, akashika mstari ulionyooka, akafika mwisho. Taa ya kijani ikawaka.

Watoto waliruka. Luay alimkumbatia yule msichana wa alizeti ambaye hakumjua. Takwa alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Umaima akawa anapiga makofi kimya kimya, vidole kwa vidole, kama alivyofanya kila jambo. Wakamgeukia mwalimu wao, nyuma ya kamba, na mwalimu wao akainua mkono, akatabasamu, akapiga makofi kwa nguvu sana ili wasimtazame usoni.

Hawakupata kombe. Kulikuwa na wenye kasi zaidi, wengi. Walipewa kila mmoja karatasi ya kushiriki, na kwenye ya nne, iliyokuwa ya timu, Takwa alikuwa ameomba liandikwe jina la Skander mbele ya majina yao.

"Basi amefika, Madam," alisema Luay garini, akitafuna mkate wa tuna. "Si amefika?"

"Amefika," alisema Wasila.

Alimshika Kobe mapajani, kifuniko cha sanduku kikiwa wazi. Alikuwa mwepesi kuliko asubuhi, au ndivyo alivyoona. Ami Tijani alimtazama kwenye kioo, hakufanya mzaha wowote mpaka walipofika Gafsa, karibu na nyumbani.

*

Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, lakini alasiri Wasila alipanda ngazi za Nyumba ya Vijana akawakuta wote watatu wamefika kabla yake. Takwa alisema wamekuja kupanga vifaa. Hakuna aliyekuwa anapanga kitu. Walikuwa wamesimama kando ya turubai, wanalitazama kama watu wanaotazama picha ya zamani ya nyumba yao.

"Kumbe ni chafu hivi," alisema Luay.

Umaima akakohoa. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akainama, akashika magoti, na sauti ikatoka chini kabisa ya kifua, ile yenye mluzi mwishoni. Wasila aliijua. Alikuwa ameisikia kupitia ukutani nusu ya maisha ya mwanawe.

"Kikohozi hiki umekuwa nacho tangu lini, Umaima?"

"Si kitu, Madam. Ni vumbi tu."

Ni vumbi tu. Skander naye ndivyo alivyokuwa akisema.

Wasila akavuta kibao chake, akaketi. Kisha akamwambia Takwa, "Nirudishie ile nambari yake. Mara moja tu."

Takwa alifungua kompyuta, akaandika, akamweka Kobe mwanzo wa mstari. Kobe akaenda. Alizunguka ukutani, akapita mbele ya mlango, akaja mbio kuelekea kona ya dirishani, pale alama za magoti zilipokuwa, akafika, akasimama.

Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

Luay aliinama akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Kisha Takwa naye akainama. Kisha Umaima.

Kobe akaendelea, akafika mwisho, akanyamaza.

"Leteni maji," alisema Wasila.

"Madam," alisema Takwa, "tukiliosha, hatasita tena kwenye kona, hata kwa nambari yake."

"Najua."

"Tunaweza kulikunja tu. Tukaliweka. Tukatafuta lingine."

"Likikunjwa vumbi litabaki humu humu, na ninyi mtabaki humu humu." Alikunja mikono ya gauni. "Umaima, wewe toka nje ukapumue. Luay, ndoo. Na dirisha hilo, mwambie Munsif… mwambie mume wangu aje alitazame, anajua kufunga madirisha."

Luay alileta ndoo mbili, akaleta na vitambaa, na njiani alikuwa amepata mzaha wa kusema, ila alipoingia akauacha. Waliosha wakiwa wamepiga magoti, Wasila na Takwa, bega kwa bega, wakianzia upande wa mlango. Weupe ulijitokeza taratibu, upana wa kiganja kwa wakati, ukaumiza macho. Maji ya ndoo ya kwanza yakawa kijivu, Luay akaenda kuyamwaga, akarudi na mengine.

Munsif alikuja na kisanduku chake cha vifaa. Alisimama mlangoni akaona mkewe yuko sakafuni, akaona sehemu iliyokwisha oshwa na sehemu iliyobaki. Alizunguka kwa pembeni ili asikanyage, akaenda dirishani, akaanza kupima ule upenyo kwa vidole.

Ilibaki kona peke yake. Takwa alisimama, akasema mgongo unamuuma, akatoka kwenda kumtazama Umaima.

Wasila alikaa mbele ya zile alama mbili za magoti. Kitambaa chake kilikuwa kimekwisha kuwa kijivu, hakifai tena. Akamwomba Munsif ampe kingine.